Riwaya ya Chuo Inayogusa Moyo: Namna ya Kuiandika Isigeuke Kalenda ya Masomo

Mswada wa maisha ya chuo huanza kwa ulaini. Mhusika anashuka na begi, hamjui mtu, ufunguo wa chumba umegoma kwenye kitasa. Kurasa 30 zinakwenda zenyewe. Kisha mwandishi anashtuka: ana wiki ya kwanza, ana sherehe, ana mtihani, ana penzi, ana ugomvi wa chumbani, ana mahafali, ila hadithi haioni. Alichonacho ni kalenda ya chuo iliyotiwa mazungumzo.

Wasomaji wengi wanaoipenda riwaya ya namna hii hawakusoma katika chuo kinachosimuliwa, na wengine hawajakanyaga chuo chochote. Kinachowashika ni umbali. Kijana ametoka kwao akiwa mtu fulani, na kila mwezi unaopita unamwondolea uwezo wa kurudi akiwa yule yule. Basi pima kila sura kwa swali hili: baada ya hapa, ni jambo gani ambalo hawezi tena kulisema nyumbani, au kulisikia nyumbani bila kutikisika? Sura isiyo na jibu inaweza kuwa tamu, inaweza hata kuchekesha, lakini inangoja kukatwa.

Hamu hii ya msomaji haikuanza leo. Mwaka 1819 Karl Morgenstern, profesa katika Chuo Kikuu cha Dorpat, ambao leo ni mji wa Tartu nchini Estonia, alitoa mhadhara juu ya riwaya za namna hii na kuziita Bildungsroman. Kwa Kiswahili tunasema riwaya ya makuzi. Alitaja makuzi ya aina mbili: ya mhusika, na ya msomaji anayekua kwa kumfuata. La pili ndilo waandishi wengi husahau. Halafu kuna jambo ambalo wataalamu wa kumbukumbu wamelithibitisha mara nyingi: ukimwomba mtu aliyevuka miaka 40 akueleze matukio ya maisha yake, mengi atakayoyataja yatatoka kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Maana yake msomaji wako wa makamo anafika na shehena yake. Huna haja ya kumweleza ujana ulivyo. Mpe kitu cha kushika, kama sauti ya mlango wa chuma usiku au karatasi ya matokeo iliyobandikwa upande, naye atajaza yaliyobaki kwa mali yake mwenyewe.

Kata muda kabla ya kukata sura

Una njia tatu: muhula mmoja wa wiki 14 hadi 16, mwaka mmoja, au masomo yote ya miaka 3 au 4. Kwa riwaya ya kwanza tunapendekeza mwaka mmoja. Muhula mmoja unataka mkono mzoefu, kwa sababu mabadiliko yanayoaminika hayatokei haraka hivyo. Miaka yote nayo humvuta mwandishi agawe sawasawa, na hapo ndipo kitabu kinapolegea katikati kama kamba ya nguo.

Ukishikilia miaka yote, gawa kwa upendeleo wa wazi. Chukua riwaya ya maneno 75,000 hivi, yaani sura 28 za maneno kama 2,700 kila moja. Mwaka wa kwanza upe sura 13, wa pili 4, wa mwisho 11. Mwaka wa kwanza kila kitu ni kipya, hata foleni ya usajili ina hatari ndani yake. Mwaka wa mwisho kila kitu kinaaga. Mwaka wa pili ni mazoea, na mazoea hayahitaji kurasa 150. Unapouruka, usiandike kwamba miezi ilipita kama upepo. Acha nafasi tupu kwenye ukurasa, kisha fungua kwa kitu kilichobadilika machoni: kitanda kimehamishiwa dirishani, mwenzake wa chumba hamsalimii, miwani ni mpya. Msomaji atauliza kumetokea nini, na swali hilo litambeba kurasa 20.

Sasa chukua karatasi uorodheshe mambo 30 ambayo mhusika anayafanya kwa mara ya kwanza: kulala chumba kimoja na mgeni, kudanganya juu ya kazi ya baba, kufeli, kuguswa, kukopa, kumzidi mwalimu hoja, kukosa msiba wa ndugu kwa sababu ya mtihani. Pitia orodha na uweke alama kwenye yale tu ambayo yanamwachia hasara. Bakiza 8. Hayo ndiyo nguzo za nyumba yako. Yaliyobaki yatapita kwa sentensi moja moja.

Nyumbani pasipotee

Kosa linaloua miswada mingi ya chuo ni kwamba ifikapo sura ya tatu nyumbani hakutajwi tena. Umbali hauonekani kama unaonyesha ncha moja tu. Dawa yake ni nyepesi: tafuta njia moja ya mawasiliano kati ya pande mbili, uirudie mara tatu au nne katika kitabu kizima, umbo lile lile, maneno karibu yale yale, uzito tofauti.

Simu ya mama inatosha. Kila mara anaanza kwa “Umekula?” Mwezi wa kwanza kijana anajibu kwa maelezo marefu, mpaka mama anamkatiza kwa kuwa salio linaisha. Mwezi wa tano anasema “Nimekula,” na msomaji anajua hajala tangu asubuhi. Mwaka wa mwisho yeye ndiye anayeuliza. Mama anakawia kidogo, kisha anasema amekula, ameshiba. Kijana anaujua ule mkawio, kwa sababu ni wake. Hakuna aliyetamka neno juu ya kukua, na msomaji amekuona kukua kote.

Angalia pia fedha. Waandishi huona haya kuitaja, kumbe ndiyo inayosukuma nusu ya maisha ya mwanafunzi. Msomaji ajue mapema nani analipa ada, kwa fedha ya nini, na siku ngapi zimebaki kabla ya fedha nyingine kuingia. Anayelipa ana sauti ndani ya hadithi hata asipotokea ukurasani: mhusika akitaka kubadilisha kozi, huyo ndiye wa kwanza kumjia akilini.

Anachosoma kimbadilishe macho

Ukiweza kumhamisha mhusika kutoka sheria kwenda uhandisi bila kugusa sentensi yoyote, kozi yake ni pambo. Mwanafunzi wa uuguzi aanze kuhesabu pumzi za babu yake aliyelala kochini. Wa sheria amsikilize shangazi akieleza ugomvi wa ua na kujikuta anamtafutia ushahidi, kisha aone aibu. Wa uhasibu agundue, bila kutaka, kwamba hesabu za duka la familia hazijawahi kulingana. Elimu inayomtenga na watu wake kwa kumfanya aone zaidi ndiyo inayouma.

Mihadhara yenyewe ifupishe. Msomaji hakuja kufundishwa. Aya mbili za somo zinatosha, na ziwe zile zinazomchoma mhusika kwa sababu zake binafsi. Mhadhiri mmoja mwenye sura kamili anatosha pia. Mpe nafasi ya kuwa sahihi mara moja na kukosea mara moja, vinginevyo atakuwa mtakatifu au katuni.

Juu ya kufeli: alama 38 pale ambapo kufaulu ni 40 zina kazi kubwa kuliko alama 12. Aliyepata 12 anajua alipo. Aliyepata 38 atalala anazihesabu zile mbili, atakumbuka swali la nne kipengele (b) alipofuta jibu lililokuwa sahihi, atamchukia jirani aliyekohoa. Hiyo ni sura nzima, imekuja bure.

Watu wachache, kila mmoja na lake

Wahusika watano hadi saba wenye uzito wanatosha. Kila mmoja atake kitu kisichomhusu mhusika mkuu hata kidogo. Mwenzake wa chumba asikae kitandani akingoja kutoa ushauri. Ana mchumba anayemkwepa, ana biashara ndogo ya kuchapisha kazi za watu, anataka kuhamia chumba chenye dirisha. Ukimpa lake, ushauri wake utakuja nusu nusu, kwa pupa, na utaaminika.

Penzi lina nafasi yake, ila lina tabia ya kumeza kitabu. Jaribu kuliondoa kichwani: kama riwaya yote inaporomoka, umeandika riwaya ya mapenzi. Si dhambi, iuze kwa jina hilo. Katika riwaya ya makuzi penzi la kwanza hulipiwa na kitu kingine: rafiki aliyeachwa akingoja, mtihani uliosahaulika, uongo wa kwanza kwa baba.

Na kifo cha rafiki katika sura ya 20? Wasomaji wanakijua kama wanavyojua kona ya njia yao ya kila siku. Kama hadithi yako kweli ina kifo, kilete mapema, sura ya nne au ya tano, ili kitabu kiwe juu ya kuishi nacho. Kikiwekwa karibu na mwisho kinafanya kazi ya kukamua machozi tu. Aibu ndogo humshika msomaji zaidi: kutamka vibaya neno ambalo kila mtu darasani analijua, kumficha mzazi aliyekuja kutembea na viatu vilivyochakaa, kucheka mzaha unaowahusu watu wa kwenu.

Kugusa bila kulilia

Hapa ndipo riwaya “yenye moyo” inapofaulu au kuchuja. Soma kwanza aya hii, ya aina inayopatikana katika rasimu nyingi. Rehema ameacha chuo kwa kukosa ada:

“Nilihisi huzuni kubwa isiyo na kifani. Machozi yalinibubujika kama mto. Rehema alikuwa zaidi ya rafiki, alikuwa dada. Nilijua maisha yangu hayatakuwa kama zamani tena.”

Kila sentensi ni ya kweli na hakuna inayoonekana. Msimulizi amelia kwa niaba ya msomaji, hivyo msomaji hana la kufanya. Sasa tukio lile lile:

“Aliacha ndoo. Ilikuwa na jina lake ubavuni, kwa wino mwekundu. Nikamwambia nitamletea likizo ikifika. Akasema, aah, iache, utaitumia. Nilikaa nayo mpaka mwaka wa tatu, na wasichana wa mwaka wa kwanza waliokuwa wakinikuta bombani waliniita Rehema.”

Hakuna neno la hisia hata moja. Kuna kitu kinachoshikika, kuna ahadi ambayo haikutimizwa na haikuelezwa kwa nini, na kuna jina lililobaki likitembea bila mwenyewe. Utaratibu wa kufika hapo si siri. Andika aya ya kilio kwanza, itoke. Piga mstari chini ya kila neno linalotaja hisia: huzuni, furaha, uchungu, upweke. Yafute yote. Kisha uliza, katika chumba kile, ni kitu gani kimebaki baada ya mtu kuondoka, na nani atakigusa kesho. Andika upya kwa kitu hicho.

Tahadhari mbili. Ndoo moja inatosha kitabu kizima. Ukiongeza shuka, daftari na picha, chumba kinageuka makumbusho. Na usiirudie zaidi ya mara tatu. Mara ya nne msomaji anaona mkono wako.

Sauti ya msimulizi na viambishi vyake

Nafsi ya kwanza ndiyo inayotumika zaidi, na ina watu wawili ndani yake: kijana wa miaka 19 anayetendewa, na mtu mzima anayesimulia. Amua mapema mtu mzima huyo ana umri gani na kwa nini anasimulia leo. Akiwa na miaka 24 bado ana hasira; akiwa na 45 ameshasamehe vingi, na hatari ni busara kumwagika kila ukurasa. Sentensi za aina ya “laiti ningalijua” zipe mgao wa tatu kwa kitabu kizima. Zikizidi, taharuki yote inavuja, maana msomaji anaambiwa kila mara kwamba yajayo yameshakwisha.

Chunguza vitenzi vyako. Kiambishi -li- kinafungua tukio na -ka- kinalisukuma: alifungua mlango, akaona kitanda kitupu, akakaa. Rasimu inayorudia -li- kila kitenzi inasomeka kama taarifa ya polisi. Kiambishi hu- ndicho msaliti mkubwa wa riwaya za chuo: “Jioni hukaa ngazini, huzungumza, hucheka.” Ni kitamu masikioni, na ndani yake hakuna siku hata moja. Kila aya yenye hu- tatu, simama, chagua jioni moja kati ya zile zote, na uiandike: nani alikaa ngazi ya ngapi, nani alisema nini kilichomfanya mwingine ainuke. Vivyo hivyo na “tulikuwa tuki-”. Kumbukumbu hujumlisha, lakini msomaji anataka ile Jumanne.

Mazungumzo ya wanafunzi yana mtego wake. Misimu ya vijana huchakaa kabla kitabu hakijatoka kiwandani. Chagua maneno machache ambayo yamekwisha kuvumilia miaka kumi, na ujana mwingine uusikilizishe kwa mwendo: kukatizana, kujibu swali kwa swali, kuacha sentensi hewani. Mhusika azungumze kwa lafudhi mbili, ya bwenini na ya nyumbani, na kuna siku zitagongana: mama anapiga simu rafiki zake wakiwa chumbani, naye anajibu kwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia. Tukio hilo lipe kurasa tatu, usilipite kwa aya.

Kuna suala la watu halisi. Kama unachota kwenye maisha yako, kubadili jina pekee hakutoshi. Unganisha watu wawili wawe mmoja, badilisha kozi, badilisha mpangilio wa familia, na usinakili ujumbe wa mtu neno kwa neno. Mbali na heshima, hadithi inafaidika: mtu uliyemchanganya anaanza kufanya mambo usiyoyatarajia, wakati yule uliyemnakili anakufunga kamba kwa kuwa “haikutokea hivyo”.

Kuimaliza

Mahafali ni mwisho wa uongo. Majoho, picha, makofi: msomaji alishayaona kabla hujayaandika. Simama usiku wa kuamkia, au ruka mpaka wiki ya pili nyumbani, mhusika anapoamka asubuhi na kukuta kitanda chake cha zamani kimekuwa cha mdogo wake. Mahali pengine pazuri pa kusimamia ni chumba kinapokabidhiwa: alama za gundi ukutani, mraba mweupe palipokuwa na ratiba, msimamizi anayehesabu funguo bila kumtazama usoni.

Kazi ya kila siku ni hesabu tu. Maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki 30 kufika 75,000. Usihariri njiani; andika pembeni “rekebisha” uendelee. Ukimaliza, ufungie mswada wiki nne bila kuugusa. Kisha usome kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, kalamu mkononi, na pale ulimi unapojikwaa weka alama, hata kama hujui kosa ni nini. Mara nyingi utagundua sura ya kwanza yote ni maandalizi na kitabu kinaanza siku ya tatu chuoni. Ikate, hata kama ndiyo uliyoipenda.

Hapo tafuta wasomaji watatu: aliyepo chuoni sasa, aliyemaliza zaidi ya miaka kumi iliyopita, na ambaye hakusoma chuo. Usiwaulize kama wamekipenda, watasema ndiyo. Waulize walikiweka chini ukurasa gani, wapi walihisi wanalazimishwa kulia, na nani walitaka kumjua zaidi. Wa kwanza atakusahihisha ratiba na lugha. Wa pili atakuambia kama kumbukumbu imekuwa sukari mno. Msikilize zaidi wa tatu. Akianza kueleza habari za bweni na mitihani, rudi kwenye sura za nyumbani, kuna kitu hakijaandikwa. Akianza na yule mama aliyekawia kwenye simu, mpelekee mhariri.